Safu ya Shangazi: Foleni ya kupima usonji ni miezi 15, nihamie mjini na mtoto?

Shangazi, shikamoo.

Nina watoto wawili, msichana wa miaka 8 na mvulana wa miaka 2 na miezi 8. Ninayekuandikia habari zake ni huyu wa pili, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Mdogo.

Bwana Mdogo haitikii jina lake. Naweza kusimama nyuma yake nikamwita mara sita asigeuke, lakini pakiti ikichanwa chumba cha pili anakuwa ameshafika. Akitaka kitu haonyeshi kwa kidole. Hunishika kifundo cha mkono, akanivuta hadi kabatini, akauweka mkono wangu juu ya mfuniko wa kopo kama vile mkono ule ni wake, na muda wote huo macho yako kwenye kopo, mimi hanitazami. Maneno anayo. Anasema tangazo zima la redio kwa sauti ile ile ya mtangazaji, halafu hawezi kuniambia "maji". Vifuniko vya chupa anavipanga mstari mrefu kando ya ukuta, vyekundu kwao, vya bluu kwao, na dada yake akikisogeza kimoja tu, siku imeharibika.

Alipokuwa na miezi 23 muuguzi wa kliniki alijaza dodoso, akasema alama zake zinataka aangaliwe na wataalamu wa ukuaji wa watoto kama ana usonji (autism), hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu. Akaandika rufaa kwenda kituo kikubwa cha mkoa, safari ya saa nne kutoka kwetu. Miezi 9 ikapita kimya. Nilipopiga simu nikaambiwa foleni ni miezi 15 au zaidi, kwamba timu ya wataalamu inapatikana siku chache tu kwa mwaka, na kwamba "mtapigiwa". Nikauliza hiyo miezi 15 inahesabiwa kuanzia lini. Aliyepokea akasema hajui, nisubiri barua. Barua sijaiona hadi leo.

Kituo cha afya cha karibu na sisi kuna mtaalamu wa tiba ya usemi anayekuja kila Alhamisi, lakini mapokezi walisema tusubiri majibu ya tathmini kwanza ndipo tupelekwe kwake.

Dada yangu mkubwa anaishi mjini. Ameulizia huko, akaambiwa miezi 6. Anataka nihamie kwake na mtoto, nimwache mume wangu na binti yetu mpaka tumalize. Pia amenipa namba ya mtu anayepima kwa malipo, nusu saa, na cheti unatoka nacho mkononi. Mume wangu anasema tusiguse kitu mpaka wataalamu waseme, tusije tukamharibu mtoto kwa kubahatisha. Mama mkwe anasema wavulana huchelewa kusema, mjomba wa mume wangu alianza kuongea akiwa na miaka 5 na sasa ni fundi saa. Wifi yangu anasema ni chanjo.

Shangazi, nihame? Nilipe? Na nikikaa kusubiri, mwanangu atakuwa ameshapitwa na wakati wa kusaidiwa?

Mama wa Bwana Mdogo

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni kile ulichokipitia haraka kuliko vyote: kwamba mtaalamu wa usemi yupo karibu kila Alhamisi, na mmezuiwa mlangoni kwa kukosa majibu. Uko kwenye foleni ya kujua hali ya mtoto inaitwaje, na watu wamekuaminisha kwamba hiyo hiyo ndiyo foleni ya kusaidiwa. Hizo ni foleni mbili. Ya kwanza ni ndefu karibu kila mahali duniani. Ya pili, kwako wewe, huenda ina watu wanne kwenye benchi.

Mtaalamu wa usemi hahitaji neno "usonji" kwenye karatasi ndipo amshughulikie mtoto wa karibu miaka 3 asiyeweza kuomba maji. Kuchelewa kuwasiliana ni sababu inayojitosheleza. Wala hayo si maoni ya shangazi mbishi. Kule Marekani sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu inampa mtoto wa chini ya miaka 3 haki ya huduma za awali kwa kuchelewa ukuaji tu, na tangu apelekwe, ukaguzi wake na kikao cha kwanza cha kupanga huduma vinatakiwa viwe vimekamilika ndani ya siku 45. Uingereza mzazi anaomba mtoto wake akaguliwe mahitaji ya shule bila kuwa na majibu ya hospitali. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo kwa wazazi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa ukuaji, vikao 9 vya kikundi na mtaalamu kuwatembelea nyumbani mara 3, na kuyahudhuria hakuhitaji jina la hali ya mtoto. Tangu 2022 yapo pia kwenye intaneti bila malipo, kwa wasioweza kufika kwenye kikundi.

Kwa hiyo Alhamisi nenda. Ukifika mapokezi usiulize kama mtoto ana usonji, maana ukilitaja hilo neno utarudishwa kwenye ile foleni nyingine. Sema: "Mtoto wangu ana miaka 2 na miezi 8, haombi kitu kwa maneno, haonyeshi kwa kidole, naomba aonwe kwa sababu ya mawasiliano." Wakikataa, waombe wakuandikie sababu ya kukataa. Mara nyingi kalamu ikitoka, kauli inabadilika.

Na siku hiyo hiyo omba apimwe masikio. Najua utasema anasikia pakiti. Mtoto anaweza kusikia mchakaricho wa pakiti na bado asisikie vizuri sauti fulani za maneno, na timu yoyote ya tathmini itataka hilo liondolewe shaka mapema. Wapo waliosafiri, wakaonwa, wakaambiwa warudi nyumbani wakapime masikio kwanza, kisha wakaingia foleni upya. Usiwe wa kundi hilo.

Sasa hiyo rufaa. Miezi 9 bila barua, na anayepokea simu hajui hesabu inaanzia lini, inanipa wasiwasi kwamba huenda haimo kabisa kwenye orodha. Rufaa hurudishwa kwa sababu ya ukurasa mmoja uliosahaulika au namba ya simu iliyokosewa tarakimu, na hakuna anayemwambia mzazi. Piga tena kesho asubuhi. Usiulize "foleni ni ndefu kiasi gani", uliza hivi: rufaa yake mliipokea tarehe ngapi, imekubaliwa au bado inasubiri kupitiwa, na kuna karatasi gani inayokosekana? Kisha uliza hiyo miezi 15 inaishia wapi, kwenye siku ya kuonwa mara ya kwanza au siku ya kupewa majibu. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza unasema tathmini ianze ndani ya miezi 3 tangu timu ipokee rufaa. Angalia neno hilo, ianze. Saa inaweza kusimamishwa siku ya mahojiano ya kwanza, na familia ikaendelea kusubiri majibu miezi mingine ambayo haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Waombe pia wakuweke kwenye orodha ya nafasi zinazoachwa wazi na familia zilizoshindwa kufika, ila uwe mkweli kuhusu umbali. Ukisema unaweza kufika kwa taarifa ya saa mbili na safari ni ya saa nne, watakupigia mara moja tu. Sema siku mbili. Uliza kama mahojiano ya historia ya mtoto yanaweza kufanyika kwa simu ili safari iwe moja ya kumwangalia mtoto mwenyewe. Na watumie barua fupi ya hali ya sasa. Kama dodoso lililotumika ni lile la M-CHAT-R, lenye maswali 20 ya ndiyo na hapana, limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na Bwana Mdogo ameshalivuka. Isitoshe dodoso la aina hiyo huchuja tu, halitoi majibu. Karatasi iliyo mezani kwao inamweleza mtoto wa miezi 23, nao wanapanga foleni kwa karatasi.

Nije kwenye kuhama.

Mimi nisingehama. Hiyo miezi 6 ya mjini umeisikia kwa dada, ambaye ameisikia kwa mtu wa simu kama yule wako. Ni kweli wataalamu wengi wako mijini, na anayeishi mbali huumia kwa namna ambayo wa mjini haijui: timu inakuja, mtoto anaamka na homa siku hiyo, na zamu nyingine ni baada ya miezi. Lakini mji nao unabeba watu wake pamoja na wale wote waliofikiria kama dada yako. Marekani walihesabu watoto wa miaka 8 wenye usonji katika maeneo 16 kwa mwaka 2022, matokeo yakatoka 2025. Umri wa katikati wa mtoto kupata majibu ya usonji ulikuwa miezi 47. Eneo lililotangulia, la California, lilikuwa miezi 36. Lililokuwa la mwisho lilikuwa Laredo, Texas, miezi 69.5, yaani mtoto anakaribia miaka 6. Na Laredo ni jiji, lina wakazi zaidi ya laki mbili. Lile eneo la California lilikuwa limewafundisha mamia ya madaktari wa watoto wa kawaida kuchuja na kutoa rufaa mapema. Kwa hiyo swali la kuuliza mahali popote ni nani wa karibu amefundishwa kumtambua mtoto kama wako.

Tena ukihama, rufaa ya mkoa inaweza kufutwa kwa sababu si mkazi tena, na ya mjini inaanza sifuri. Halafu mfikirie mtoto mwenyewe, anayeharibikiwa siku kwa kifuniko kimoja kusogezwa, uje umsogezee nyumba, kitanda, baba na dada kwa pamoja. Timu itakayomwona katikati ya misukosuko hiyo itapata shida kujua kipi ni chake na kipi ni cha kuhama. Ningebadili mawazo kwa jambo moja tu: kama mjini kungekuwa na tiba ya kila wiki na shule ya awali iliyo tayari kumpokea, na kwenu hakuna kitu. Hapo mngehamia huduma, na ingefaa muende wote.

Kabla ya hapo uliza kuhusu tathmini ya video. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walitengeneza namna ambayo mzazi ndiye anayecheza na mtoto mbele ya kamera, mtaalamu akimwelekeza na kutazama kutoka mbali. Haifai kwa kila mtoto, lakini kwa mdogo mwenye dalili zilizo wazi, majibu yanaweza kupatikana. Chuo Kikuu cha Missouri nacho tangu 2015 kinawafundisha kwa video madaktari wa vijijini, ili baadhi ya watoto wamalizwe huko huko na foleni ya wataalamu ibaki na kesi ngumu. Muulize daktari wa karibu kama kuna mpango wa aina hiyo anaoufahamu.

Yule wa nusu saa mwache. Kulipia si kosa, wapo wanaopima kwa malipo na kazi yao ni safi. Lakini usonji hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya ubongo. Unajulikana kwa kumhoji mzazi kuanzia mimba hadi leo na kumtazama mtoto akicheza kwa mpangilio maalumu, kipimo kimoja tu cha kumtazama hivyo huchukua dakika 40 hadi 60, bado hujaongeza lugha, uelewa na mambo ya kujihudumia kama kuvaa na kula. Ndiyo sababu foleni ni ndefu kila mahali: mtoto mmoja anakula saa za watu kadhaa. Anayemaliza yote hayo kwa nusu saa anauza karatasi. Kwa yeyote mwingine wa malipo, kabla hujatoa senti, kaulize shule na ofisi inayotoa huduma kama ripoti yake wanaipokea. Wakisema hawaipokei, utarudi pale pale ulipokuwa, mfuko ukiwa mwepesi.

Wakati mnasubiri, daftari na simu ndiyo vifaa vyenu. Mpe mume wako kazi ya kurekodi. Hiyo haimgusi mtoto, kwa hiyo woga wake wa kumharibu hauna pa kushika, na nakuahidi baada ya wiki mbili za kumtazama mwanawe kupitia kioo cha simu atakuwa na maswali yake mwenyewe. Video ziwe fupi, dakika moja au mbili: akiitwa jina, akivuta mkono wako kabatini, akicheza na dada, akiwa peke yake na vifuniko, na zile za siku nzuri pia. Asielekezwe, asibembelezwe afanye. Siku ya tathmini mtoto anaweza kulala chumbani mwa daktari au kulia saa nzima, na zile video zitasema kwa niaba yake. Ile ya mkono juu ya mfuniko isikose, wataalamu huitafuta hiyo.

Na huyo mjomba fundi saa mwandike kwenye daftari. Mama mkwe anamleta kama ushahidi kwamba hakuna tatizo, timu itampokea kama historia ya familia, ambayo lazima waiulize. Hapo umemheshimu mama na umepata kitu. Wifi mwambie kwa upole kwamba hofu ya chanjo ilikuzwa na makala ya 1998 kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, ikafutwa na jarida lenyewe 2010, na mwaka huo huo mwandishi wake mkuu akaondolewa kwenye daftari la madaktari. Zaidi ya hapo usibishane naye, nguvu zako unazihitaji kwingine.

Umeuliza kama atapitwa. Kuanza mapema kunasaidia, lakini hakuna mlango unaofungwa siku anayotimiza miaka 3, na tena unaweza kuanza leo jioni kwa vile vile vifuniko vyake vya chupa. Vishike wewe. Kaa chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Mpe kimoja, sema "chekundu", nyamaza, hesabu moyoni hadi tano, mpe kingine. Akikutazama hata kwa kufumba na kufumbua, hapo hapo mpe. Usimnyime mpaka alie, lengo ni aone kwamba nyuma ya mkono unaotoa kuna mtu. Kabatini vivyo hivyo: akiuweka mkono wako kwenye mfuniko, usifungue mara moja, inama, sema "fungua" neno moja tu, kisha fungua. Mtaalamu wa usemi akikupa picha za kuonyeshea, zipokee. Watu watakuambia picha zitamfanya mvivu wa kusema. Hazimzuii kusema.

Mambo mawili usiyasubirishe foleni yoyote. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au akianza kukodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa, kushtuka viungo, kuanguka, mpeleke kwa daktari siku hiyo, kwa sababu kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wengine. Na atakapotokea mtu wa kukuuzia matone ya kusafisha mwili (watatokea, wazazi walio kwenye foleni wananukia kwao), kumbuka kwamba baadhi ya matone hayo ukiyachanganya wanavyoelekeza yanakuwa dawa kali ya kung'arishia, kama zile za viwandani.

Kesho ukipiga simu, andika jina la aliyepokea na saa, hata akiwa mkali. Na uniandikie ukishajua rufaa ilikwama meza ya nani.

Shangazi